Cc au Bcc? Soma hii kabla hujatumia kikundi kizima barua pepe moja

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama wauza omena pale Sindo, wanachama 30. Wengi bado wako ufuoni. Wengine wamehamia Mbita, Rongo na Kisumu, na wawili watatu wako Nairobi. Michango inaingia kwa simu kila wiki. Mwisho wa mwezi mweka hazina anaomba taarifa ya akaunti ya kikundi, inamfikia kwa barua pepe, na yeye anataka kila mwanachama aione. Anafungua barua mpya, anaandika anwani zote kwenye mstari wa kwanza, anaweka faili, anabonyeza kutuma. Dakika tano, kazi imeisha.

Hakuna shilingi iliyopotea. Lakini kila mmoja wao sasa anazo anwani za wenzake wote, zimepangwa mstari mmoja chini ya jina la kikundi, pamoja na karatasi inayoonyesha nani alituma ngapi na lini. Barua hiyo ikisukumwa mbele mara moja tu, kwa mume, kwa mtoto anayejua kompyuta, kwa kijana wa saiba aichapishe, kikundi hakina tena uwezo wa kujua iko wapi.

Mweka hazina hakukosea hesabu. Alichagua tu mstari usiofaa. Juu ya kila barua pepe kuna mistari mitatu ya kuandika anwani, na wengi wetu tunatumia mmoja tu kwa sababu hiyo mingine miwili imejificha.

Anwani yako inasema mengi kuliko unavyodhani

Hebu angalia anwani za barua pepe za watu unaowajua. Ulipofungua yako pengine jina lako lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine, ukaongeza tarakimu. Watu wengi huongeza namba ya simu kwa sababu ndiyo hawawezi kuisahau. Sasa kumbuka kwamba kwenye pesa za simu, namba ya simu ndiyo namba ya akaunti. Kwa hiyo anwani yenye jina lako na namba yako, ikiwa imekaa kwenye barua ya kikundi cha akiba, inamwambia msomaji vitu vitatu kwa mpigo: unaitwa nani, akaunti yako ni ipi, na kwamba kuna pesa unayochanga.

Tapeli hahitaji zaidi ya hapo. Anapiga simu asubuhi, ufuoni kuna kelele:

“Habari ya asubuhi, mama. Wewe ni wa kile kikundi cha Sindo, sivyo?”

“Ndiyo, ni mimi.”

“Mchango wako wa wiki jana haukuingia vizuri kwa mweka hazina. Nitakutumia ujumbe sasa hivi, unisomee ile namba uliyopata ili tuurekebishe.”

Mama anajua kweli alichanga wiki jana. Anajua mweka hazina ni nani. Mtu anayejua mambo hayo mawili anaonekana ni mtu wa ndani, na hapo ndipo wengi husoma ile namba. (Kama umefika hapa bila kujua: hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN au namba ya siri iliyokuja kwa SMS. Hakuna hata mmoja, hata akijua jina la babu yako.)

Mistari mitatu

Mstari wa kwanza umeandikwa To, na simu yako ikiwa ya Kiswahili utaona Kwa. Hapo anakaa mtu unayemwandikia hasa, yule unayetaka afanye jambo au ajibu.

Wa pili ni Cc. Herufi hizo zimetoka kwenye karatasi ya kaboni, ile nyeusi iliyokuwa ikiwekwa kati ya karatasi mbili kwenye taipureta ili barua moja itoke mara mbili. Kama umenunua misumari ukapewa risiti ya juu na nakala ikabaki kitabuni, unaijua. Aliye kwenye Cc anapata nakala. Hatarajiwi kujibu, anatarajiwa kujua. Na kila mtu aliyepokea barua hiyo anamwona yupo.

Wa tatu ni Bcc, nakala fiche. Aliye hapo anapata barua ileile, faili zilezile, lakini jina na anwani yake havionekani kwa mtu mwingine yeyote aliyeipokea. Walio kwenye Bcc hawaonani hata wao kwa wao. Si jambo jipya: Cc na Bcc zote mbili zilikuwa tayari kwenye kanuni za barua pepe zilizoandikwa mwaka 1977, miaka 30 kabla pesa za simu hazijaanza hapa Kenya.

Kama unatumia WhatsApp, tayari unaijua tofauti hii. Kikundi cha WhatsApp ni kama Cc: kila mmoja anaona namba za wote, na akijibu wote wanasoma. Orodha ya matangazo, ile inayomfikia kila mtu kama ujumbe wake binafsi, ni kama Bcc.

Wateja wetu wa zamani watakumbuka mfano mwingine ulio karibu zaidi. Miaka ya mwanzo ya pesa za simu, kila wakala alikuwa na daftari kubwa mezani. Ukitoa pesa unaandikwa jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho na kiasi, kisha unatia sahihi. Na ukiwa unasubiri kalamu, macho yanapanda juu: fulani katoa elfu sita jana, fulani kapokea elfu kumi na mbili. Hakuna aliyenuia ubaya, daftari lilikuwa wazi tu. Barua ya watu 30 kwenye To au Cc ni daftari hilo, isipokuwa kwamba sasa kila mtu anakwenda nalo nyumbani.

Mahali ambapo Cc ndiyo sawa

Isifikiriwe kwamba Bcc ni nzuri na Cc ni mbaya. Kwenye mambo ya pesa ya kikundi, Cc ni mlinzi mzuri sana. Mweka hazina anapoandikia benki, au anapotuandikia sisi kuhusu muamala uliokwenda namba isiyo sahihi, mwenyekiti na katibu wawe kwenye Cc. Wote watatu wanasoma maneno yaleyale siku ileile, na aliyeandikiwa anaona kwamba viongozi wote wanajua. Pesa ikirudi, hakuna wa kuuliza ilipitia wapi.

Ila ukituandikia malalamiko, andika anwani moja tu ya huduma kwa wateja. Tunaelewa ile hasira ya kutaka kila mtu kampuni nzima aione. Kinachotokea ni kwamba barua moja inafunguliwa kama malalamiko matatu, yanashikwa na watu watatu tofauti, na jibu linachelewa badala ya kuharakishwa. Na usiweke wanachama wote kwenye Cc ya barua hiyo, kwa sababu ndani yake kuna namba ya muamala, na mara nyingi namba ya kitambulisho chako.

Mahali ambapo Bcc ni lazima

Kanuni yangu ni rahisi: kama wanaopokea hawakupeana anwani zao wenyewe, watumie kwa Bcc. Wanachama wengi, wateja wengi, wazazi wengi, wakulima wengi wa miwa kule Awendo wanaoarifiwa siku ya kikao. Wewe ndiye uliyepewa anwani hizo, kila mtu kwa sababu yake, na hukupewa ili uzigawe.

Mfanyabiashara ana sababu ya ziada. Mwenye duka la jumla Isebania akiwatangazia wateja wake bei mpya kwa Cc, amempa mshindani wake orodha yote ya wateja bila kudaiwa hata senti. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba yeyote mwenye orodha hiyo anaweza kuwaandikia wateja haohao kesho, kwa jina la duka lile, akisema “tumebadilisha namba ya till, lipeni kwa hii mpya.” Mteja atalipa. Pesa itaingia mahali, na mwenye duka atabaki akidai deni ambalo mteja ana SMS ya kuthibitisha kwamba amelilipa.

Halafu kuna orodha ambazo kuwemo tu ni siri. Kaunti zetu hizi mbili zina vikundi vya watu wanaotumia ARV ambao wanachanga na kukopeshana kama watu wengine wowote. Anwani ya mtu kwenye orodha ya kikundi kama hicho imeshasema jambo ambalo ni lake kulisema au kunyamaza, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na UKIMWI ya mwaka 2006 inalinda hilo. London walijifunza kwa gharama. Mwezi Septemba 2015 kliniki ya 56 Dean Street ilituma jarida lake kwa watu 781, wengi wao wakiishi na HIV, anwani zote zikiwa kwenye mstari wa To. Anwani nyingi zilikuwa na majina kamili. Hospitali iliyoimiliki ilitozwa faini ya pauni 180,000.

Miaka sita baadaye Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilifanya lilelile kwa Waafghani 245 waliokuwa wamefanya kazi na serikali hiyo na sasa walikuwa wakijificha Taliban. Wawili kati yao walijibu kwa kubonyeza kujibu wote, na mmoja akaandika mahali alipo, akawasomea wote. Wizara ilitozwa pauni 350,000 mwaka 2023. Mashirika yenye wanasheria na wataalamu wa kompyuta yaliponzwa na mstari mmoja wa anwani.

Jinsi ya kufanya kwenye simu

Kwenye programu ya Gmail, ambayo simu nyingi za Android huja nayo, bonyeza alama ya kalamu kufungua barua mpya. Mstari wa To utauona, Cc na Bcc hutaziona. Upande wa kulia wa mstari huo kuna kishale kidogo kinachoangalia chini. Kibonyeze, mistari miwili itatokea. Watu wengi hawajawahi kukigusa kishale hicho, na makosa mengi yanaanzia hapo.

Kwenye To andika anwani yako mwenyewe. Kwenye Bcc andika za wanachama, moja baada ya nyingine. Kabla hujabonyeza kutuma, rudi juu usome tena: kwenye To awe ni wewe peke yako. Barua ikienda, kila mwanachama ataona imetoka kwako na imekwenda kwako, basi. Mara ya kwanza wengine watashangaa na kuuliza kama imewafikia kwa bahati mbaya, kwa hiyo waeleze ndani ya barua. Gmail ya kawaida inaruhusu watu hadi 500 kwa siku, na kikundi chetu cha Sindo kiko mbali na hapo.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

“Wapendwa wanachama, salamu. Taarifa ya mwezi uliopita iko tayari. Hapa chini ni jumla ya michango, jumla ya mikopo iliyotoka, na salio. Hesabu ya kila mtu nitamtumia mwenyewe peke yake. Barua hii imekwenda kwa wanachama wote, nimeficha anwani ili zisisambae. Mwenye swali anijibu mimi, au alete kwenye mkutano wa Jumamosi. Vitabu vitakuwa mezani.”

Angalia sentensi ile ya hesabu ya kila mtu. Bcc inaficha anwani tu. Haifichi kilichomo ndani. Ukiweka faili lenye majina, namba na michango ya watu wote, kisha ukatuma kwa Bcc, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Jumla ziende kwa wote, undani uende kwa mwenyewe. Taarifa rasmi ya akaunti ambayo imefungwa kwa nenosiri ibaki imefungwa. Usiandike nenosiri lake ndani ya barua ileile.

Kuna watakaosema, chama ni uwazi, mnatufundisha kufichana. Hoja ni ya kweli na mweka hazina asiyeonyesha vitabu anastahili kuulizwa maswali. Lakini kitabu kilicho mezani siku ya mkutano, kila mwanachama akakisoma mbele ya wenzake, kinabaki mezani. Faili lililotumwa halibaki. Mwanachama ana haki ya kuona vitabu. Haki hiyo haimpi mtu wa saiba Migori mjini nakala.

Bcc ya kumvizia mtu

Bcc ina matumizi mengine ambayo sisi hatuyapendekezi. Katibu anamwandikia mwanachama aliyechelewa kulipa mkopo, kwa upole, kana kwamba ni kati yao wawili. Kimyakimya amemweka mwenyekiti kwenye Bcc. Jaduong' mwenyekiti anasoma, anakasirika, anabonyeza kujibu wote. Jibu lake linamfikia mdaiwa, na hapo mdaiwa anajua kwamba kulikuwa na mtu wa tatu chumbani muda wote.

Ndiyo, programu inaruhusu: aliye kwenye Bcc akijibu wote, jibu linakwenda kwa aliyeandika na kwa wote walio kwenye To na Cc. Mkopo unaweza kulipwa, ila huyo mwanachama hataandika tena neno la ukweli kwa katibu. Kama mwenyekiti anapaswa kujua, mweke kwenye Cc, mdaiwa amwone. Na wewe ukipata barua ambayo jina lako halionekani kwenye To wala Cc, fikiri kabla hujajibu wote: pengine uliwekwa kimya kwa sababu.

Barua ya namna hiyo ikiwa inadai inatoka kwetu, kuwa makini zaidi. Tukiwa na jambo kuhusu akaunti yako tunakuandikia wewe. Barua inayosema “akaunti yako imefungwa, bonyeza hapa,” halafu kwenye To kuna anwani ya mtu usiyemjua, imetumwa kwa umati, na anayeituma anangoja tu nani atabonyeza.

Ikishatumwa vibaya

Gmail inakupa sekunde chache za kuirudisha: chini ya skrini linatokea neno Undo, ulibonyeze upesi. Kwenye kompyuta unaweza kuongeza muda huo hadi sekunde 30 kwenye mipangilio, na nashauri kila mweka hazina afanye hivyo leo. Sekunde hizo zikipita, barua imekwenda. Kumwandikia kila mtu “samahani, puuzeni barua iliyotangulia” kwa Cc tena ni kurudia kosa. Andika kwa Bcc, sema kilichotoka bila kuzungukazunguka, waombe waifute, na uwaonye kwamba wanaweza kupigiwa simu na mtu anayejua michango yao. Onyo hilo la mwisho ndilo lenye faida zaidi, kwa sababu kufuta hakuna anayeweza kukuhakikishia.

Kisheria, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua, pale ambapo taarifa zimefikia wasiostahili na kuna hatari ya kweli kwamba wenyewe wataumia. Aliyetolewa siri naye anaweza kupeleka malalamiko katika ofisi hiyo, na sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Si sheria ya kampuni kubwa tu. Mwezi Septemba 2023 miongoni mwa waliotozwa faini na Kamishna ni shule moja, shilingi 4,550,000, kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Na kama anwani yako mwenyewe ni ile yenye namba ya simu, fungua nyingine isiyo na namba, haina gharama. Itumie kwa kikundi na kwa taarifa za akaunti yako. Ukishaifungua, badilisha anwani iliyo kwenye akaunti yako ya pesa za simu ili taarifa zisiendelee kwenda kwa ile ya zamani, halafu umpe mweka hazina ana kwa ana, au kwa barua iliyoandikwa kwake peke yake.